Mechi Ambayo Middlesbrough Hawakutokea: Uchambuzi wa Kisa cha Msimu wa 1996/97

Msimu wa 1996/97 Middlesbrough walivuna uwanjani pointi 42 katika Ligi Kuu ya England, pointi za kuwaweka nafasi ya 14. Msimamo wa mwisho wa ligi uliwaandikia 39, na kwa hizo 39 wakashuka daraja wakiwa nafasi ya 19. Hizo tatu hazikuchukuliwa na mpinzani yeyote. Zilikatwa na ligi yenyewe, kwa sababu Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 1996 timu haikutokea Ewood Park, uwanja wa Blackburn Rovers, kucheza na wenyeji hao.

Mashabiki wa Teesside, eneo la Middlesbrough, hulisimulia jambo hili kama dhuluma, na wapinzani wao hulisimulia kama uzembe. Ukilifuata hatua kwa hatua unakuta kitu kingine: watu wenye hoja nzuri, walioamua wenyewe jambo ambalo mamlaka ya kuliamua hayakuwa yao. Ndiyo maana nadhani kiongozi yeyote wa klabu, hata ya ligi ya mkoa, ana la kujifunza hapa.

Nimetaja klabu na viongozi waliokuwa hadharani, kwa kuwa habari zao ni za umma. Wachezaji waliougua, madaktari na maofisa walioshika simu siku zile sikuwataja, na kisa kinaeleweka bila wao.

## Klabu iliyokuwa na haraka

Mwaka 1986 Middlesbrough ilikaribia kufutika. Milango ya uwanja wao wa zamani, Ayresome Park, ilifungwa kwa sababu ya madeni, na mechi yao ya kwanza ya nyumbani msimu uliofuata walilazimika kuichezea kwenye uwanja wa Hartlepool. Miongoni mwa waliojitosa kuiokoa alikuwa kijana mfanyabiashara wa hapo hapo, Steve Gibson, ambaye baadaye akawa mwenyekiti. Mwaka 1994 Gibson alimchukua Bryan Robson, nahodha wa zamani wa Manchester United na England, awe kocha huku akiendelea kucheza. Mwaka 1995 timu ikapanda Ligi Kuu na kuhamia uwanja mpya, Riverside.

Kisha pesa zikaanza kutembea. Oktoba 1995 alikuja Juninho kutoka São Paulo kwa pauni milioni 4.75. Kiangazi cha 1996 wakamleta Fabrizio Ravanelli kutoka Juventus kwa pauni milioni 7, miezi michache tu baada ya kufunga bao kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Kutoka Porto akaja Emerson, kiungo mwingine wa Brazil. Kwa mji wa viwanda vya chuma na kemikali ambao klabu yake haikuwa na kombe kubwa hata moja, ilikuwa kama harusi.

Siku ya ufunguzi, 17 Agosti 1996, Ravanelli alifunga mabao matatu katika sare ya 3-3 na Liverpool. Mabao matatu mbele, mabao matatu nyuma. Aliyetazama mechi ile tu alikuwa amekwisha uona msimu mzima, ila wakati ule hakuna aliyejua.

Baada ya katikati ya Septemba ushindi wa ligi ukakauka. Klabu iliyokuwa na washambuliaji wa bei ile haikuwa na kituo chake cha mazoezi kinacholingana na hadhi hiyo, na Ravanelli hakuona haya kulisema jambo hilo hadharani. Tarehe 14 Desemba wakaenda Anfield kwa Liverpool wakafungwa 5-1, Robbie Fowler peke yake akifunga manne. Safari iliyofuata ilikuwa ya Blackburn.

## Ijumaa ya tarehe 20 Desemba

Wiki ile mafua makali yalipita kambini, klabu ikiwa tayari na majeruhi wengi. Kwa hesabu ya klabu, wachezaji 23 hawakuweza kucheza, ama kwa ugonjwa au kwa majeraha. Siku moja kabla ya mechi, uongozi ukatangaza kwamba timu haitasafiri.

Tuwatendee haki. Kulikuwa na sababu za kibinadamu na za kimpira. Kupeleka vijana wa akademi wakapigwe mabao mengi mbele ya kamera si jambo la kujivunia. Kumlazimisha mtu mwenye homa acheze dakika tisini wakati wa baridi ni hatari. Tena Blackburn wenyewe walikuwa katika hali mbaya msimu ule: Alan Shearer alikuwa ameuzwa Newcastle kwa pauni milioni 15, kocha Ray Harford ameondoka Oktoba, na timu ilikuwa inahangaika chini ya msimamo. Ilikuwa mechi ya kugombea uhai kati ya timu mbili dhaifu. Kocha gani angetaka kuicheza mechi kama hiyo na kikosi cha kuokoteza?

Mbele yao zilikuwapo njia tatu. Wangeweza kwenda na yeyote aliyekuwa mzima, wakajaza nafasi kwa vijana na wachezaji wa akiba. Wangeweza kuiomba bodi ya ligi iahirishe mechi, wakasubiri jibu la maandishi, na jibu likiwa hapana, wapande basi. Au wangeweza kutangaza wenyewe kwamba hawaendi. Walichagua ya tatu, wakiamini kwamba ukubwa wa tatizo ulikuwa unajieleza. Baadaye walisisitiza kuwa walikuwa wamezungumza na ofisi ya ligi na hawakuondoka kwenye mazungumzo hayo wakidhani wanavunja sheria. Ligi nayo ilishikilia kwamba mechi huahirishwa kwa ridhaa ya bodi, na ridhaa hiyo haikutolewa.

Siku tano baadaye, tarehe 26, Middlesbrough waliwafunga Everton 4-2 pale Riverside. Ushindi ule ulikuwa mtamu kwa mashabiki, lakini mbele ya tume ya ligi iliyokuja kuwahukumu ulikuwa ushahidi mbaya. Anayedai kwamba Jumamosi hakuwa na watu kumi na moja hapendezi akifunga mabao manne Alhamisi.

## Tume, rufaa na kiporo

Katikati ya Januari 1997 tume ya Ligi Kuu ilitoa hukumu: kukatwa pointi 3 na faini ya pauni 50,000. Klabu ikakata rufaa ikiwakilishwa na George Carman, mmoja wa mawakili mashuhuri zaidi wa England enzi hizo. Mwezi Machi rufaa ikatupwa.

Msomaji aliyezoea kanuni za huku kwetu atauliza: Blackburn hawakupewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani? Hawakupewa. Mechi iliachwa kiporo, ichezwe siku nyingine, na adhabu ikawa jambo la pembeni. Kwa hiyo Middlesbrough walipata hasara mara mbili. Walikatwa pointi kana kwamba wamefungwa, halafu bado walidaiwa dakika tisini ambazo zingepaswa kutafutiwa nafasi kwenye kalenda.

Na kalenda ilikuwa imejaa. Timu hiyo iliyokuwa ikizama kwenye ligi ilikuwa haishikiki kwenye makombe. Katika Kombe la Ligi iliwatoa Newcastle na Liverpool. Katika Kombe la FA iliwatoa Manchester City na Derby. Kufikia Mei ilikuwa imecheza fainali moja pamoja na marudiano yake, na fainali ya pili ilikuwa inasubiri. Jumla ya mechi za msimu ikawa 54.

Aprili ndiyo iliyowamaliza. Tarehe 6, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester City: Ravanelli anafunga katika muda wa nyongeza, na zikiwa zimebaki dakika chache Emile Heskey anasawazisha. Marudiano. Tarehe 13, Old Trafford, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chesterfield, timu ya daraja la tatu: sare ya 3-3 baada ya muda wa nyongeza. Marudiano tena. Tarehe 16, Hillsborough, Leicester wanashinda 1-0 kwa bao la Steve Claridge, nalo pia la muda wa nyongeza. Ndani ya siku kumi na moja walicheza dakika 120 mara tatu. Siku tatu baadaye, tarehe 19, Sunderland, majirani waliokuwa wakigombea nao nafasi ya kubaki, wanakuja Riverside na kuondoka na ushindi wa 1-0. Tarehe 22 Chesterfield wanafungwa 3-0 na tiketi ya fainali inapatikana.

Kiporo cha Blackburn kikapangwa Alhamisi ya tarehe 8 Mei. Tarehe 3 walikuwa wamewafunga Aston Villa 3-2. Tarehe 5 walikwenda Old Trafford, wakaongoza 3-1 dhidi ya mabingwa, Manchester United, wakatoka 3-3. Baada ya siku mbili za kupumua wakaenda Ewood Park, wakapata 0-0. Baada ya siku mbili nyingine wakaenda Leeds kwa mechi ya mwisho ya ligi.

## Matokeo

Elland Road, 11 Mei 1997. Leeds wanatangulia, Juninho anasawazisha, filimbi inapulizwa 1-1. Coventry City, ambao mechi yao na Tottenham ilichelewa kuanza kwa dakika kumi na tano kutokana na msongamano wa magari, wanashinda 2-1 na kubaki na pointi 41. Sunderland wanafungwa na Wimbledon na kushuka na pointi 40. Middlesbrough wanashuka na 39, Nottingham Forest wako chini yao. Juninho alikaa kwenye nyasi akilia, na picha yake ikaenda dunia nzima.

Siku sita baadaye walikuwa Wembley tena, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea. Roberto Di Matteo alifunga kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ikaisha 2-0. Fainali mbili zimepotea na daraja limepotea, yote ndani ya majuma sita.

Juninho akaenda Atlético Madrid, na Ravanelli akaenda Marseille msimu mpya ukiwa umekwisha anza. Gibson hakumfukuza Robson. Timu ilipanda tena mwaka 1998, na huo ni uamuzi mmoja wa kisa hiki ninaousifu bila masharti.

## Uchambuzi: bei ya kutokwenda

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayouma zaidi.

Tuseme Middlesbrough wangekwenda Ewood Park tarehe 21 Desemba na vijana na wachezaji wa akiba, wakafungwa. Pointi moja waliyoipata kwenye kiporo cha Mei isingekuwapo, lakini pia wasingekatwa tatu. Wangemaliza na 41, sawa na Coventry na Southampton. Hapo tofauti ya mabao inaingia. Middlesbrough walimaliza na mabao 51 ya kufunga na 60 ya kufungwa, yaani -9. Coventry walikuwa na -16. Maana yake wangefungwa hata 7-0 siku ile bado wangebaki: wangelingana na Coventry kwa -16, na kwa mabao ya kufunga wangewazidi mbali, 51 kwa 38. Ili kichapo cha Desemba kiwashushe daraja, kingehitaji kuwa cha mabao manane.

Najua, matokeo mengine yangeweza kubadilika. Timu iliyopigwa 7-0 huenda isingewafunga Everton siku tano baadaye. Lakini hesabu hii inaonyesha jinsi uongozi ulivyopima hatari vibaya. Walikiogopa kichapo, ambacho gharama yake ilikuwa na mwisho: pointi tatu ambazo hata hivyo hawakuwa nazo mkononi, na aibu ya wiki moja. Hawakuipima gharama ya kutokwenda, ambayo haikuwa na kikomo kinachojulikana, kwa sababu ukubwa wake ungeamuliwa na watu wengine, katika chumba kingine, wiki nyingi baadaye. Katika chaguo la namna hii, hasara unayoijua ni bora hata ikiwa chungu.

Halafu kuna suala la mamlaka. Utetezi wa klabu ulijengwa juu ya ukweli wa ugonjwa, na sioni sababu ya kuutilia shaka. Ila swali la tume halikuwa “mliugua au hamkuugua?” Lilikuwa “nani aliwaruhusu?” Nimewahi kuona makatibu wa klabu wakiingia kwenye kamati za nidhamu na rundo la vyeti vya daktari na kushangaa hakuna anayevisoma. Vyeti vinajibu swali la kwanza. Kwa swali la pili kinahitajika kipande kimoja cha karatasi chenye jina la mwenye mamlaka, na kama hakipo, hata wakili wa kiwango cha Carman hana cha kushika. Simu iliyopigwa, ofisa aliyesikika kuwa na huruma, kauli isiyokataa wala kukubali: mbele ya kanuni yote hayo ni hewa.

Je, adhabu ilikuwa kubwa mno? Kwa maoni yangu, ndiyo. Mechi ilichezwa hatimaye, na Blackburn walipata nafasi yao ya kushindania pointi. Kukata pointi kungefaa kama mechi isingechezwa kabisa. Baada ya kuipanga upya, faini nzito ingetosha. Lakini msimu ule ule ulikuwa umeonyesha kwamba mamlaka za soka la England hazikuwa na mzaha na pointi. Huko daraja la nne Brighton walikatwa mbili kwa sababu ya mashabiki kuvamia uwanja, wakaponea siku ya mwisho kwa sare ya 1-1 ugenini kwa Hereford, wakibaki kwa kigezo cha mabao ya kufunga. Klabu mbili zilikatwa pointi, moja ikaangukia upande wa uhai na nyingine upande wa pili, na umbali kati yao ulikuwa mdogo kuliko tunavyopenda kuamini.

## Uchambuzi: pointi tatu hazikufungwa mabao 60

Hapa ndipo simulizi ya dhuluma inapolegea. Mabao 60 ndiyo mengi zaidi kufungwa na timu yoyote ya Ligi Kuu msimu ule. Mabao 51 waliyofunga, kwa upande mwingine, yaliwazidi Aston Villa waliomaliza nafasi ya 5 na mabao 47. Leeds walimaliza nafasi ya 11 wakiwa wamefunga 28 tu msimu mzima. Fikiria hilo: timu yenye mabao 28 iko katikati ya msimamo, salama, na timu yenye 51 inashuka.

Ravanelli alifunga mabao 31 katika mashindano yote. Juninho alikuwa wa pili nyuma ya Gianfranco Zola katika tuzo ya mchezaji bora ya waandishi wa habari za soka. Pesa ilikwenda mbele, na nyuma ikaja kukumbukwa paa likiwa limekwisha vuja: beki Gianluca Festa kutoka Inter mwezi Januari, kipa Mark Schwarzer kutoka Bradford mwezi Februari. Wote wawili walikuwa usajili mzuri sana. Walipofika, Middlesbrough wakashinda mfululizo mwezi Machi, pamoja na kuwachapa Derby 6-1. Wangekuja Agosti, nadhani mjadala wa Blackburn ungebaki tanbihi.

Kuna pia suala la upana wa kikosi. Tarehe 1 Januari 1997, katika mechi ya Arsenal, Robson alijipanga mwenyewe acheze, siku kumi kabla ya kutimiza miaka arobaini. Ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho kama mchezaji. Wapo wanaoona ushujaa hapo. Mimi naona klabu iliyolipa mamilioni kwa nyota watatu na kuwa na watu wachache mno nyuma yao, na klabu ya namna hiyo mafua ya wiki moja yanatosha kuiangusha. Wale 23 wa Desemba walikuwa bahati mbaya. Kukosa watu wa kushika nafasi zao ulikuwa mpango mbaya.

Makombe nayo? Sidhani walipaswa kuyatupa. Klabu iliyokaa zaidi ya karne bila kombe kubwa haiambiwi iache fainali. Lakini kiporo cha Blackburn walijibebesha wenyewe, na kiliingia kwenye wiki ambayo kila saa ya kupumzika ilikuwa na thamani. Wangecheza Desemba, wangekuwa na siku tano kamili kati ya Old Trafford na Elland Road, na pale Leeds walihitaji bao moja tu zaidi wavuke.

## Kanuni ilivyokuja kuwa baadaye

Robo karne baadaye hali kama hiyo iliikumba ligi nzima. Desemba 2021, Korona ikizipitia klabu moja baada ya nyingine, Ligi Kuu ilitumia kigezo cha wazi: klabu yenye wachezaji 13 wasio makipa na kipa mmoja, wakihesabiwa waliosajiliwa pamoja na vijana wa chini ya miaka 21 wenye uzoefu wa kutosha, lazima icheze. Isiyowafikia ilipeleka maombi kwa bodi, na bodi ndiyo iliyoamua.

Kwa kigezo hicho ubishi wa Middlesbrough ungekwisha jioni ile ile ya Ijumaa kwa kuhesabu vichwa. Hata hivyo, nacho kilipata mianya haraka. Klabu zilianza kujumlisha majeruhi wa kawaida na waliokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika ili kupunguza hesabu, na mwezi Januari 2022 Arsenal walipoahirishiwa mechi na Tottenham kelele zikawa kubwa. Mwezi huo huo ligi ikaongeza sharti: maombi ya kuahirisha kwa sababu ya Korona yaoneshe angalau wachezaji wanne waliopimwa na kukutwa nayo.